Gari Kuukuu Litetemekalo

Mwenye Land Rover kuukuu akiliinua kwa springi nene ili lichukue mizigo toka Shinyanga hata Geita, mara huliona latetemeka, na krosi hukatika njiani. Sababu ni hii: krosi izungukayo kwa pembe huiharakisha propela mara 2 na kuipunguza mara 2 katika kila mzunguko. Krosi ya pili hulifuta kosa hilo, mhimili wa giaboksi na ule wa pinioni ya difu ikiwa sambamba. Basi lisimamishe gari mahali tambarare juu ya magurudumu yake, upime. Giaboksi ikiinamia nyuma digrii 3, pinioni na itazame juu digrii 2, maana gari livutapo huinuka kidogo. Penye tofauti tia kabari ya chuma baina ya springi na ekseli. Wengine hutia ya mti, nayo hupasuka.