UNAPOFUKIZA NYUMBA, FUNGUA MLANGO

Huenda nyumbani kwako kuna kigae cha chungu kilichovunjika ambacho hakitupwi. Kimewekwa pembeni kwa kazi moja tu. Jioni mama huweka makaa ya moto juu yake. Kisha hutia kivumbasi kikavu, au majani ya mwarobaini, au punje chache za ubani kutoka sokoni Songea. Moshi hupanda. Kigae huzungushwa chumba hadi chumba, mpaka kila pembe inukie.

Watu hufukiza kwa sababu nyingi. Wengine hufukiza baada ya msiba. Wengine hufukiza mama anapojifungua. Wengine wakihamia nyumba mpya, ili kuondoa mikosi. Wengine wanataka kufukuza mbu tu. Ukurasa huu haubishani na mila ya mtu. Leo tunazungumza juu ya makaa.

Zamani nyumba nyingi za vijijini ziliezekwa kwa nyasi. Moshi ulipenya katika nyasi ukatoka nje. Hata mlango ukifungwa, nyumba ilipumua. Siku hizi wengi wetu tumejenga kwa matofali ya kuchoma. Tumeezeka bati, tumeweka dari na madirisha ya vioo. Hayo ni maendeleo. Lakini nyumba kama hiyo ikifungwa, hewa chafu hubaki ndani. Mila ni ile ile, nyumba siyo ile.

Tena Songea iko juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali. Mtu akimaliza kufukiza huona makaa bado mekundu. Husema, "Tusiyamwage, yatupashe joto." Kigae huachwa chumbani, au makaa huongezwa katika jiko. Mlango hufungwa. Watu hulala. Hapo ndipo kifo huingia.

Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, yaani ile hewa ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Watu wengi hudhani moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo bado hutoa gesi hii. Na harufu nzuri ya ubani haiondoi sumu. Inatudanganya tu kwamba hewa ni njema.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mwili kulegea. Mara nyingi mtu hudhani ni homa au uchovu wa shamba. Aliyelala hasikii lolote, na huenda asiamke. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha upesi, mtoe nje, kisha umpeleke hospitali. Usikae ndani kumpepea. Wewe pia utaanguka.

Mtoto mchanga yuko katika hatari zaidi. Yeye hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake ni machanga. Moshi wa kila siku humwongezea hatari ya kupata nimonia. Ndugu wakitaka kufukiza chumba cha mzazi, basi mama na mtoto watoke kwanza. Warudi moshi ukiisha. Bibi akikataa, mweleze kwa upole, lakini mtoto atoke.

Je, moshi hufukuza mbu? Ndiyo, kiasi. Watafiti walijaribu jambo hili magharibi mwa Kenya, wakatoa matokeo yao mwaka 2002. Waliona kwamba kivumbasi na mimea ya jamii yake hupunguza mbu wanaoingia ndani, lakini hauwazuii wote. Mbu wa malaria huuma sana usiku, wakati kigae kimekwisha kupoa. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili malaria. Siku hizi tuna chandarua chenye dawa. Fukiza ukipenda, lakini lala ndani ya chandarua.

Kuna jambo jingine linalouma. Mtoto akipata degedege, baadhi ya watu humfukiza kwa moshi, hata wa kinyesi cha tembo. Huamini ameingiwa na kitu kibaya. Mara nyingi mtoto huyo ana malaria kali. Kila dakika anayokaa katika moshi ni dakika aliyoikosa dawa. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umkimbize kwenye zahanati au hospitali.

Basi, siku ya kufukiza, fanya hivi. Watoe watu wote nje, pamoja na wagonjwa na watoto. Fungua mlango na madirisha. Tumia makaa machache. Zungusha kigae, kisha kitoe nje mwenyewe, usimwagize mtoto, kwa maana kigae cha moto huunguza. Mwagia makaa maji, au yafukie kwa udongo. Iache nyumba wazi mpaka moshi wote utoke. Kama ni usiku wa baridi, ongeza blanketi, na jiko lilale nje.