Vakanse ndiyo wakati wa kutengeneza shuti: namna mchezaji kijana anaweza kujenga tabia nzuri ya kupiga mpira

Mwezi wa saba na wa nane shule zimefungwa. Ku Goma, Bukavu, Uvira, Butembo mpaka Bunia, vijana wanacheza mpira toka asubuhi mpaka giza. Ukiangalia vizuri utaona kitu kimoja: karibu wote wanacheza mechi, lakini wachache sana wanafanya mazoezi. Mechi ni tamu, juu kuna kelele na kuna goli. Ila shuti mbaya haitengenezwi mu mechi. Inatengenezwa wakati hakuna mtu anayehesabu pointi.

Juu ya nini iko vile? Mwili hauchagui kati ya zuri na baya. Unashika kile unachokirudilia. Kijana akizoea kupiga huku anaegemea nyuma, siku ya mechi, beki akimfuata mgongoni, hatapata muda wa kufikiri. Mguu utafanya ile uliyozoea, na mpira utapita juu ya goli. Tena, mtu anayebadilisha namna yake ya kupiga hukosea zaidi kwanza, kisha ndiyo anapata. Katikati ya shampiona, kocha hawezi kuvumilia makosa hayo kila wiki. Vakanse inaruhusu kukosea bila kuumiza ekipe.

Tukumbuke Januari 2024, Kombe la Afrika ku Côte d'Ivoire. Kongo yetu na Misri walimaliza 1-1, wakaenda kwenye penati. Walipiga mpaka ikafika zamu ya makipa. Yule wa Misri akagonga mwamba wa juu, kisha Lionel Mpasi wa kwetu akafunga, tukashinda 8-7. Penati ni mita 11 tu, na goli lina upana wa mita 7,32. Mtu anasema ni rahisi. Lakini kisha dakika 120 miguu imechoka, moyo unapiga, na mchezaji anabaki na mazoea yake tu. Na somo lingine: hata kipa anapashwa kujua kupiga.

Mambo ine ya kuangalia

La kwanza ni mguu wa kusimamia, ule usiopiga. Uuweke pembeni ya mpira, karibu upana wa kiganja, vidole vikiangalia kule unakotaka mpira uende. Ukibaki nyuma sana, mpira utapanda.

La pili ni kifundo cha mguu unaopiga. Kikaze. Kifundo kikilegea, nguvu inapotea, na unaweza hata kujiumiza. Kwa kupiga na nguvu, tumia mgongo wa mguu, pale kamba za kiatu zinapokaa. Kwa kuweka mpira mahali fulani, tumia upande wa ndani.

La tatu ni kifua na macho. Kifua kiwe juu ya mpira, macho yabaki ku mpira mpaka uguse. Wengi wanainua kichwa haraka kuangalia kama ni goli, na hapo ndipo wanaharibu.

La ine ni kumaliza. Usisimamishe mguu palepale. Uache uendelee mbele, ukifuata njia ya mpira.

Kidogo, lakini kila mara

Usijaribu yote ine siku moja. Wiki hii shika mguu wa kusimamia tu. Anza polepole, mpira ukiwa umesimama. Piga mara 10, pumzika, piga tena 10. Mwenzako asimame pembeni, aangalie kitu hicho kimoja na akuambie ukweli. Raundi tatu za namna hiyo, siku tatu mu wiki, zinafaa kuliko mashuti 100 ya siku moja, juu ukichoka unaanza kujifunza makosa.

Kitu kikishika, badilisha: mpira unaokuja, umbali tofauti, pembe tofauti. Mu mechi hakuna mipira miwili inayofanana. Na mguu ule dhaifu usiusahau. Upe raundi moja kila mara, hata kama wenzako watacheka.

Chukua kadaftari, andika tarehe, ulipiga ngapi, ngapi zilienda pale ulipotaka. Kisha mwezi mmoja utaona mwenyewe kama unasonga mbele.

Kulinda mwili

Kupiga na nguvu mwili ukiwa baridi kunaweza kuchana misuli ya paja au ya kinena. FIFA iko na programu inaitwa 11+: mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu na usawa, karibu dakika 20, bila chombo chochote zaidi ya mpira. Inapendekezwa kuifanya angalau mara mbili mu wiki, na imeonyesha kwamba inapunguza majeraha.

Wazazi, muangalie pia watoto wanaokua, hasa kati ya miaka 10 na 15. Mtoto akilalamika maumivu chini kidogo ya goti au ku kisigino, musiseme ni uvivu. Mifupa ingali inakua, na misuli inaivuta. Apunguze kupiga na kuruka. Maumivu yakiendelea, apelekwe kwa muganga. Na angalau siku moja kila wiki iwe ya kupumzika kabisa.

Na ambaye hana kitu?

Utasema: sina uwanja, sina mpira wa kweli. Ukuta unatosha, ukiomba ruhusa kwa mwenyewe. Chora duara na kaa, piga kutoka mita tano, halafu nane. Mpira wa masashe na kamba hauruki sawasawa na ule wa duka, lakini mguu wa kusimamia na kifundo vinajifunza vilevile. Mu mitaa yenye mawe ya volkano, ondoa kwanza mawe yenye kukata pale utakaposimama, na usipige peku.

Mechi za vakanse ziendelee, hakuna anayezikataza. Tunaomba tu nusu saa kabla ya mechi. Mwezi wa tisa, shule na ekipe zikianza tena, mwenye aliitumia vizuri hatahitaji kujisifu: mguu wake utasema.