Baridi ya China na fedha za tumbaku: Ufunge mzigo mwezi gani?

MFANYABIASHARA wa Mtendeni, katika Manispaa ya Tabora, anayefikiria kwenda China kufunga mzigo huanza kwa kuuliza mambo matatu: nauli ni kiasi gani, viza inapatikanaje na nani atampokea akifika. Swali la nne, ambalo mara nyingi ndilo huamua faida, huachwa hadi mwisho. Aende mwezi gani?

Swali hilo ni zito zaidi kwa anayetaka kusafiri kati ya Desemba na Februari. Kwa China hiyo ni miezi ya baridi kali na ya maandalizi ya Mwaka Mpya wa Kichina. Kwa Tabora ni miezi ya mvua, mkulima yuko shambani na mfuko wake ni mtupu.

Misimu miwili, biashara moja

Kwenda na misimu si jambo geni Tabora. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walianza safari ya Bagamoyo wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Walitembea kilomita zipatazo 800, kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia.

Pwani nako kulikuwa na ratiba yake. Majahazi ya Arabuni na India yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Mfanyabiashara wa Unyanyembe alilazimika kuoanisha kalenda hizo mbili. Aidha, alipaswa kujua ni shanga za rangi gani zinazopendwa huko anakokwenda, kwani shanga zisizotakiwa zilikuwa hasara tupu.

Leo kalenda ni mbili vilevile. Moja ni ya tumbaku na mpunga, nyingine ni ya kiwanda cha China.

Kwa kawaida masoko ya tumbaku hufunguliwa Aprili au Mei, na fedha huingia mikononi mwa wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui katika miezi inayofuata. Mpunga wa Igunga na Nzega nao huvunwa wakati huohuo. Hapo ndipo baiskeli, sola, mabati, vitenge, simu na mabomba ya kunyunyizia dawa hununuliwa. Bidhaa ikifika dukani Agosti, sehemu kubwa ya fedha hiyo imekwishatumika.

Kiwanda kinapofungwa

Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwezi, hivyo tarehe yake hubadilika, lakini huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka 2026 ni Februari 17, mwaka 2027 ni Februari 6 na mwaka 2028 ni Januari 26.

Likizo ya serikali ni ya siku chache tu, lakini viwanda vingi hufungwa wiki mbili hadi nne. Sababu ni kwamba wafanyakazi wengi wametoka mikoa ya mbali na huu ndio wakati wao wa kwenda kuwaona wazazi. Soko kubwa la Yiwu, lenye vibanda zaidi ya 75,000, nalo hufungwa kwa takriban wiki mbili. Anayetua siku hizo atakuta milango imefungwa, huku akiendelea kulipia chumba na chakula.

Chukua mfano wa mwenye duka aliyekopa Sh20 milioni kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Akifika China mwanzoni mwa Desemba 2026 na kutoa oda ya siku 30, mzigo utakuwa tayari mapema Januari. Ukipakiwa kabla ya katikati ya mwezi huo na kukaa baharini siku 30 hadi 40, utafika Dar es Salaam mwishoni mwa Februari. Ukiongeza siku za forodha na lori, utakuwa Tabora kabla ya Machi kwisha.

Akichelewa na kufika baada ya sikukuu, soko litafunguliwa karibu na Februari 20. Kiwanda kitarudi na nguvu kamili Machi, tena kikiwa na oda nyingi za kumaliza. Mzigo utatoka katikati ya Aprili na kufika Tabora katikati ya Juni. Tofauti ni miezi mitatu hivi, sawa na riba ya Sh900,000, kabla ya kuhesabu wateja waliokwishanunua kwa jirani.

Hata hivyo, Desemba ni dirisha la mwisho. Viwanda huharakisha kazi kabla ya likizo na ubora huweza kushuka. Vingine, hasa vidogo, havifunguliwi tena baada ya sikukuu. Ndiyo maana si busara kuacha malipo makubwa ya awali kiwandani wakati wa likizo. Kwa oda kubwa, Oktoba au Novemba ni salama zaidi. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou, ambayo yamekuwepo tangu mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, na awamu ya pili huanza katikati ya Oktoba.

Baridi si ya mchezo

Kwa mtu aliyezoea usiku wa Julai wa Tabora, China ni nchi nyingi ndani ya moja. Januari, Guangzhou huwa na wastani wa nyuzi 13 au 14. Yiwu huwa nyuzi tano au sita, na usiku hukaribia sifuri. Beijing hushuka chini ya sifuri, na Harbin hufika nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba Yiwu inaweza kumtesa mgeni kuliko Beijing. Miji ya kaskazini ina mitambo ya serikali ya kupasha nyumba joto, wakati ile ya kusini kwa kawaida haina. Kabla ya kulipia chumba cha bei rahisi, ni vyema kuuliza kama kina kiyoyozi cha joto. Koti zito la mtumba kutoka Dar es Salaam ni gharama ndogo kuliko kuugua ugenini.

Wachina wenyewe wamegeuza baridi hiyo kuwa biashara. Wilaya ya Chongli, iliyo milimani zaidi ya kilomita 200 kaskazini-magharibi ya Beijing, ilikuwa ya wakulima maskini wa viazi, kabichi na shayiri. Uwanja wa kwanza wa kuteleza kwenye theluji ulifunguliwa huko mwaka 1996. Reli ya kasi ilifika mwishoni mwa mwaka 2019, na mwaka 2022 baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi yalifanyika katika milima hiyo. Theluji ya asili ni haba, hivyo sehemu kubwa hutengenezwa kwa mitambo inayorusha maji hewani.

Mwenye muda na fedha za ziada anaweza kwenda kuiona. Msimu wake huanza Novemba hadi Machi. Hata hivyo, wiki ya Mwaka Mpya vyumba hupanda bei na tiketi za treni hugombaniwa nchi nzima. Safari ya namna hiyo ipangwe baada ya mzigo kupakiwa, isitolewe kwenye mtaji.

Kabla ya kupanda ndege

Mtaji mdogo si kikwazo. Wafanyabiashara wanne au watano wanaweza kumtuma mmoja wao na kusafirisha mzigo wa kichele, ambapo kila mtu hulipia mita za ujazo alizotumia ndani ya kontena. Chama cha wakulima kinachotaka mashine za kukoboa au pampu za maji kinaweza kufanya vivyo hivyo.

Aidha, ni muhimu kuuliza mapema kama bidhaa inahitaji cheti cha ubora kabla ya kusafirishwa, utaratibu ambao TBS iliuanza mwaka 2012. Wakala wa forodha naye akokotoe ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla ya oda kutolewa. Bei ya Yiwu peke yake si bei ya Tabora.

Mwisho, hesabu ianzie dukani na kurudi nyuma. Andika mwezi ambao mteja wako hushika fedha, toa siku za lori, forodha, bahari na kiwanda, kisha toa wiki nne za tahadhari. Tarehe inayobaki ndiyo ya kukata tiketi. Kama tarehe hiyo imekwishapita, ni heri kununua Kariakoo kwa msimu huu na kupanga China kwa msimu ujao.