Mkienda kambi Msimbati: maji, choo na nyama ya kasa

Ikiwa familia au madrasa yenu ya Newala au Masasi inapanga kupiga kambi pwani wakati wa likizo, Msimbati ni mahali pazuri. Pako kiasi cha kilomita 45 kutoka Mtwara mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kabla ya kuondoka, ulizeni ofisi ya hifadhi kuhusu ada na sehemu inayoruhusiwa kuweka hema.

Kwanza, maji. Sisi wa uwandani tunajua thamani ya dumu la maji. Bebeni maji yaliyochemshwa, walau lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na mengine ya kupikia. Maji ya bahari ni twahara, yanafaa kwa udhu na josho; basi maji baridi yawekeni kwa ajili ya kinywa.

Pili, choo. Dini yetu imekataza kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Kama hakuna choo, chimbeni shimo mbali na kisima na ufukwe, na kila atokaye afukie kwa udongo kisha anawe kwa sabuni. Chukueni pakiti za ORS, na chandarua chenye dawa kwa kila hema.

Tatu, na hili ndilo zito: msile nyama ya kasa, hata mkikaribishwa. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama hiyo, na 8 kati yao walikuwa watoto. Si kila kasa ana sumu, lakini huwezi kumtambua kwa macho wala kwa harufu, na moto hauondoi sumu hiyo. Mama anyonyeshaye akiila, humfikia mtoto kwa njia ya maziwa. Dawa ya kuiondoa mwilini hakuna. Isitoshe, kasa analindwa na sheria.

Mtu aliyekula kasa akianza kutapika, kuwashwa koo, kutoka vidonda mdomoni au kusinzia kusiko kwa kawaida, msingoje asubuhi. Mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo, pamoja na wote waliokula naye, hata wasioumwa.

Wabillahi tawfiiq.