Mtoto na Baridi ya Mlimani

Kule Ayalandi, kando ya bahari, kuna mlima Croagh Patrick, wenye urefu wa mita 764. Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji Wakristo huupanda wakisali, wengine miguu mitupu. Hata kiangazi, upepo na mvua huleta baridi kileleni.

Ukipanda mlima na mtoto, beba nguo kavu, kofia na kinywaji cha moto. Mtoto hupoteza joto upesi kuliko wewe. Akilowa, mvue nguo, mkaushe, mfunike mwili na kichwa.

Akiacha kutetemeka huku akisinzia, usidhani amepata nafuu. Hiyo ni hatari! Mkumbatie umtie joto, na utafute daktari haraka. Kilele hakikimbii; mkirudi mapema, mtapanda siku nyingine.