Mtoto mwenye selimundu kwenye michezo ya maji

Likizo ya Juni inapofika, baadhi ya shule na familia za Bagamoyo hushuka Kunduchi, kwenye bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild. Hapo mtoto hupanda ngazi ndefu, hukaa kwenye mteremko unaotiririka maji, kisha hujiachia. Maji hupunguza msuguano, uzito wake humvuta kwa kasi, na mara anatumbukia bwawani. Moyo humwenda mbio, naye hukimbilia ngazi tena. Kwa mtoto mwenye afya, hofu hiyo fupi haina neno, mradi afuate maelekezo ya wasimamizi.

Wazazi wengi huogopa urefu. Lakini mtoto mwenye selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, hatari yake kubwa iko kwenye foleni. Amelowa, upepo wa kusi unampiga, na maji yanayokauka mwilini yanamwondolea joto. Baridi hubana mishipa midogo ya damu. Chembe nyekundu za damu yake, zilizojikunja kama mundu, hukwama humo. Sehemu iliyokosa damu huanza kuuma vikali, hasa mifupa, mgongo na kifua. Kiu na uchovu huzidisha hali hiyo. Ajabu ni kwamba mtoto anayeshinda ndani ya maji husahau kuyanywa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Hivyo usishangae kama yumo mmoja ndani ya basi la shule yako.

Je, tumwache nyumbani? La. Naye ni mtoto, anahitaji kucheza na wenzake. Tufanye haya:

1. Mzazi, mwambie mwalimu waziwazi. Mpe dawa za mtoto na maelezo yake.
2. Anywe maji safi kabla ya safari, na kila mara mchezo unapoendelea.
3. Acheze kwa vipindi vifupi. Akitoka majini, afutwe na avae nguo kavu. Siku ya baridi au upepo mkali asiingie majini.
4. Akichoka apumzike, asilazimishwe wala kuchekwa.

Akianza kuumwa, mtoe majini, mkaushe, mfunike, mpe maji ya kunywa na dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Usimkande kwa barafu. Maumivu yasipotulia, au akipata homa, kifua kuuma, kupumua kwa shida, kupauka ghafla au kulegea upande mmoja wa mwili, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje basi la jioni.

Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, kifafa, shinikizo la damu lisilotulia au kidonda cha upasuaji, wasipande miteremko hiyo kabla ya kuuliza daktari.

Mwalimu, kabla basi halijaondoka, uliza: nani ana selimundu?