KWA NINI WALIMU WA CHEKECHEA HUIGIZA



Ukipita karibu na darasa la mafunzo ya walimu wa chekechea ukamwona mtu mzima amekaa chini, analia na kung'ang'ania buibui la mwenzake, usidhani ni upuuzi. Yuko kazini. Anaigiza mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza, na mwenzake anajifunza kumpokea.

Mtoto wa miaka minne hajui kueleza hofu yake. Hunyamaza, hupiga wenzake au hujikojolea. Familia zilizokimbia Kismayo, Chula na Koyama kwa vyombo vya bahari tangu vita vya 1991 zinayajua haya. Tena mtoto wa Kibajuni huweza kuingia darasa ambalo wengi husema Kisomali. Akichekwa kwa neno lake la kwanza, huenda asiseme la pili.

Igizo huendeshwa hivi: mmoja huwa mtoto, mwingine mwenye kumcheka, wa tatu mwalimu. Mwalimu akimkemea aliyenyamaza, mkufunzi husimamisha mchezo. Mtazamaji mwenye njia bora huingia mahali pake, na kipande kile hurudiwa. Namna hii ilienezwa na Augusto Boal wa Brazil katika miaka ya 1970. Kisha aliyeigiza mtoto huulizwa alijisikiaje. Jibu lake ndilo somo lenyewe.

Wazee wengine huuliza kama michezo yapatana na dini. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha chekechea za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Mafundisho ya dini yalikwenda pamoja na nyimbo, hadithi na michezo ya nyumbani. Mpango huo ulifika Zanzibar 1990 na Uganda 1993.

Michezo mizuri mnayo wenyewe. Wabajuni walivua kasa kwa kumfunga kamba taza, yule samaki agandaye. Basi chukua kamba moja na watoto wawili, mmoja taza na mmoja kasa. Wengine wahesabu pima mpaka kasa afike chomboni. Hiyo ni hesabu tayari.

Lakini mtoto asilazimishwe kuigiza bunduki wala safari ya kukimbia. Akianza mwenyewe, mwalimu akae karibu, asimkaripie wala asimchimbe kwa maswali. Akirudia kila siku kwa hofu, mzazi aambiwe ampeleke zahanati.

Mwenye hadithi au mchezo wa utotoni amfikishie mwalimu wa mtoto wake, kwa Kibajuni hicho hicho.